Bibi Afya na Shehena ya Nyanya

Wauza samaki ndio waliokuwa wa kwanza kumwona akija. Mmoja wao alikuwa na mluzi wake, mfupi kama wa ndege, na kabla mluzi haujafika upande wa mboga, samaki wa jana walikuwa wameshateremka chini ya meza na wa leo wamepanda juu. Bibi Afya aliujua mchezo huo. Alikuwa anasimama mbele ya meza, anavuta pumzi kidogo, halafu anasema kwa upole, "Mtoe na huyo aliyelala chini, naye apate hewa." Watu walikuwa wanacheka, mwenye samaki akiwemo, na samaki anatupwa.

Ndivyo alivyofanya kazi ya ofisa wa afya kwa miaka mingi katika soko kuu la mji ule. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe lililofuliwa hata likawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na mabuti ya mpira kwa ajili ya mifereji. Alikagua nyama, alisimamia mitaro izibuliwe, aligombana na wazoa taka wanaojaza gari nusu na kulipwa zima. Hakuwahi kuondoka na kitunguu cha bure. Wengine walisema ni uadilifu. Waliomjua zaidi walisema anamwogopa dada yake.

Dada yake alikuwa akiuza nyanya karibu na geti la mashariki. Watu wote walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri, maana alikuwa na namna ya kukutazama inayokufanya ujihisi umechelewa shule. Wazazi wao walikufa Bibi Afya akiwa bado mdogo. Dada Mkubwa aliacha masomo, akaishika meza ya mama yao, akamlea. Sare, vitabu, nauli ya kwenda chuo cha afya, vyote vilitoka kwenye nyanya. Siku Bibi Afya alipoletwa kufanya kazi katika soko lilelile, dada yake alimwambia mbele za watu kwamba pale wao si ndugu, na akiona nyanya imeoza aitupe bila kupepesa macho. Aliitupa kweli, wiki ileile. Jioni walikula pamoja.

Walikaa nyumba moja, ile waliyoachiwa na wazazi, vyumba viwili na ua mpana nyuma. Dada Mkubwa hakuolewa. Bibi Afya aliolewa, akafiwa na mume, akarudi na sanduku lake. Walikuwa wameshazoea kugombana kuhusu chumvi na kupatana kabla ya chai.

Ugonjwa ulianza kusikika redioni, mbali, kama habari za mvua ya watu wengine. Kisha ukafika mji jirani. Wakuu wa mji huo jirani walifanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye huruma angekifanya: walitangaza mapema kwamba soko litafungwa wiki ijayo, watu wajiandae. Watu wakajiandaa. Mji mzima uliingia sokoni kwa siku tatu, bega kwa bega, kila mtu akigombea unga na sabuni, wauzaji wakimaliza walichonacho kabla geti halijafungwa. Baada ya wiki mbili hospitali yao ikafurika, na Bibi Afya akawa miongoni mwa waliopelekwa kusaidia.

Alichokiona huko hakukisimulia chote. Alimsimulia dada yake kitu kimoja tu: alimkuta muuguzi aliyesoma naye chuo, mcheshi kupindukia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya wodi, akiwa na funguo za mtungi wa hewa mkononi. Mtungi ulikuwa mmoja, na ndani ya wodi kulikuwa na watu wanne wanaouhitaji. Muuguzi alikuwa ametoka nje ili asiwe yeye wa kuamua. Bibi Afya hakusema nani aliamua.

Aliporudi alijitenga, akalala stoo mpaka alipohakikisha hana kitu. Dada yake alimwachia sahani mlangoni na kugonga mara moja kwa ufagio.

Haukupita muda Katibu wa Mji akamwita ofisini. Ndani walikuwepo wanne tu: Katibu mwenyewe, daktari mkuu wa hospitali, mkuu wa polisi na yeye. Madirisha yalikuwa wazi na viti vimewekwa mbalimbali, kila mmoja kwenye kona yake, kama watu walionuniana. Daktari alieleza kwamba wagonjwa wa kwanza wameshaonekana, wote ni watu wanaopita sokoni, na kwamba hospitali ina mitungi ya hewa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alitaka soko lifungwe.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mama aliyeuza mkaa, na hilo alilikumbuka. Aliuliza watu watakula nini. Daktari akajibu kwamba maiti haili. Katibu akamwambia asimjibu hivyo, kwa sababu yeye daktari mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi, soko liwe wazi au limefungwa. Wakavutana. Mmoja alikuwa na idadi ya watakaokufa kwa ugonjwa. Mwingine hakuwa na idadi, alikuwa na sura za watu tu. Mwishowe wote wakamgeukia Bibi Afya, maana ndiye pekee aliyeingia sokoni kila siku.

"Soko lile ni chumba kimoja kikubwa kisicho na dirisha," alisema. "Paa tuliloliweka kuzuia mvua ndilo litakalotuua. Tufunge, mkuu. Lakini wachukuzi na wauza mafungu wapelekewe chakula, kwa sababu wale wanakula walichopata leo. Kesho hawana."

Katibu alikubali. Akaahidi kuandikia wakubwa wake juu ya chakula. Kisha akafunga madirisha na kusema neno la mwisho: geti litafungwa alfajiri ya keshokutwa, na kabla ya hapo habari isitoke nje ya chumba kile, wasije wakarudia ya mji jirani. Asiambiwe mke, asiambiwe mume, usiambiwe hata mto wa kulalia. Walikubali, mmoja mmoja, kwa sauti.

Kesho yake jioni Bibi Afya alimkuta dada yake jikoni anaimba. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi. Dada Mkubwa alikuwa mtu wa kunung'unika akifanya kazi, si wa kuimba. Alimpa kiti, akamwekea chai, halafu akamweleza. Nyanya zimeanguka bei mashambani, kwa sababu mji jirani haununui tena. Wakulima wanalia. Yeye amekaa na wenzake wa kikundi cha kuwekeana akiba, wanawake wanane wa pale sokoni, amewashawishi watoe walichonacho chote wanunue shehena nzima, lori zima, badala ya matenga mawili matatu ya kila mmoja. Wawili walisita, akawatolea mfano wa maisha yake mwenyewe. Lori lingefika alfajiri.

Bibi Afya alishika kikombe kwa mikono miwili. Aliuliza kama fedha zimeshatumwa. Zilikuwa zimetumwa asubuhi.

"Dada," alisema, "si mngechukua nusu?"

"Nusu kwa nini?"

"Nyakati hizi si za kutia mayai yote kikapu kimoja."

Dada Mkubwa aliacha kukata vitunguu. Alimtazama mdogo wake kwa macho yale yale ya siku zote, yale ya umechelewa shule.

"Una jambo?"

Hapo ndipo maisha ya Bibi Afya yalipokatika vipande viwili, ingawa jikoni hakuna kilichosogea. Alijua kwamba dada yake akijua, hawezi kuwanyamazia wale wanane. Fedha ni zao, na Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kumficha mtu mali yake. Wale wanane wana waume, mashoga, majirani wa meza. Kabla ya usiku kuingia, mji mzima ungekuwa getini na vikapu. Aliona ile ndoo iliyopinduliwa. Na alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyeacha shule ili yeye asome.

"Sina," alisema.

Dada yake akaendelea kukata vitunguu. Baada ya kitambo akaanza tena kuimba, taratibu. Bibi Afya akaosha vyombo vyote, hata visivyochafuliwa, akaenda kulala bila kula.

Alfajiri geti lilikuwa na mnyororo na polisi sita. Katibu alimpa Bibi Afya kipaza sauti. Alisema watu wanamwamini, na tangazo likitoka kwa polisi litaonekana ni vita. Kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama juu ya kreti la soda, ndani ya koti lake jeupe, akawaambia waliokuwa wameanza kufika kwamba soko limefungwa kuanzia saa ile, kwa sababu gani, na kwamba chakula kitakuja. Watu walisikiliza kwa mshangao zaidi kuliko hasira. Hasira ilikuja baadaye.

Alipokuwa katikati ya maneno lori likaingia. Lilikuwa limejaa mpaka juu, limefunikwa turubai, na juu ya turubai amekaa Winchi. Winchi alikuwa mchukuzi aliyepewa jina hilo kwa kifua chake na kwa kuwa alinyanyua magunia mawili pale wenzake waliponyanyua moja. Alikuwa anapunga mkono kwa furaha, maana shehena kubwa ni kazi kubwa, na mkewe alikuwa mjamzito wa kuhesabiwa siku. Mkono wake ulibaki hewani alipoona mnyororo.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama kando ya lori na wenzake wa kikundi. Hakupiga kelele. Alimtazama mdogo wake juu ya lile kreti, akalitazama geti, akamtazama tena. Bibi Afya akamaliza kusoma tangazo. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililowafanya watu wamchukie kwa muda mrefu.

Jioni Dada Mkubwa alimsubiri kwenye kibaraza.

"Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuuliza kama una jambo."

"Nilijua, dada."

Dada Mkubwa alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akaingia ndani. Hawakusemezana tena kwa wiki nyingi.

Matenga yalishushwa uani kwao, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Yalipangwa ukutani mpaka dirisha la jikoni likaziba. Wanawake wa kikundi walijaribu kuuza nyumba kwa nyumba, lakini polisi waliwafukuza wachuuzi mitaani, na wanunuzi wenyewe walifunga milango wakisikia hodi. Wakagawa kidogo, wakakausha kidogo juani kwenye mabati. Zilizobaki zikaanza kuoza. Zilioza kutoka chini kwenda juu, maji yakichuruzika uani na nzi wakija kwa makundi, na harufu ile tamu iliyochacha ikaingia kwenye mashuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye koti jeupe. Bibi Afya, ambaye riziki yake ilikuwa pua yake, alilala na kuamka ndani yake. Kwa kanuni za kazi yake alipaswa kuamuru uchafu ule uondolewe. Alichukua koleo akauzoa mwenyewe, tenga baada ya tenga, akauzika nyuma ya ua. Wanawake wawili wa kikundi walikuja wakakaa kwenye kibaraza wakamtazama akichimba. Hawakumsaidia wala hawakumtukana. Walimaliza kutazama wakaondoka.

Mjini mambo yalizidi kukaza. Chakula kilichoahidiwa kilikuja kimechelewa, tena kiligawiwa kwa majina ya wenye meza, kwa sababu ndiyo majina ambayo ofisi ya soko ilikuwa nayo. Wachukuzi hawakuwa na meza. Bibi Afya alipogundua alikwenda kwa Katibu mara mbili. Katibu alimwambia ukweli: ameandika, amepiga simu, ameomba, na amejibiwa asubiri. Paa la Bibi Afya likaanza kupigwa mawe jioni. Mtu aliandika kwa mkaa ukutani kwamba hapa anakaa mwenye mshahara. Dada Mkubwa aliyafuta maneno yale kwa kitambaa kibichi, ingawa mdogo wake alikuwa pale pale amesimama na salamu yake ya asubuhi ile ilikuwa haijajibiwa.

Hospitali haikufurika. Walikuja wagonjwa, wengine walikufa, lakini mitungi ilitosha kwa taabu. Daktari alimwambia Bibi Afya kwamba wamefanikiwa. Bibi Afya alitaka sana kufurahi.

Halafu siku moja, mchana, Dada Mkubwa aliingia chumbani kwake bila kubisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Mtoto wa Winchi amekufa," alisema. "Hata jina alikuwa hajapewa. Mama alishikwa na uchungu, hawakuwa na hata nauli ya pikipiki. Wakasema wangoje kupambazuke. Mama amepona. Huyo mtamwandika wapi? Ugonjwa wenu hakuwa nao."

Bibi Afya alivaa viatu akaenda. Winchi alikaa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga, na alimkuta nje, juu ya jiwe, kifua kile kikubwa kimesinyaa kama gunia lililomwagwa nusu. Mkewe alikuwa ndani amelala, na mama mkwe akimkanda. Bibi Afya alitoa pole. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na pengine angepata nafuu. Winchi akamsogezea kigoda.

Wakakaa. Kisha Winchi akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua njia:

"Bibi Afya, kwa kulifunga lile soko, wamepona wangapi?"

"Sijui."

"Hata kukisia?"

"Daktari anakisia. Anasema ni wengi. Mimi naamini ni wengi. Lakini huwezi kumwonyesha mtu mmoja ukasema ni huyu. Aliyepona mwenyewe hajijui."

Winchi aliwaza. "Wetu tunamjua," alisema.

Bibi Afya alikaa pale mpaka mama mkwe alipotoka kumwaga maji, akampa mkono wa pole, akarudi kwa miguu akipitia sokoni. Akachungulia kwenye geti. Ndani mlikuwa na giza na panya, na meza zimepinduliwa. Akaendelea mpaka uwanja wa mpira, akauzunguka mara mbili huku akihesabu hatua kwa sauti, na watoto waliokuwa wakicheza wakadhani amepatwa na wazimu.

Kesho yake aliomba kikao. Watu walikuwa walewale, kwenye kona zao zilezile. Alisema soko lifunguliwe, lakini si ndani ya lile jengo. Liende uwanja wa mpira, kwenye hewa, meza zikae mbalimbali, nusu ya wauzaji waje siku moja na nusu nyingine siku ya pili. Wachukuzi waandikwe majina yao kama watu wengine.

Daktari alisimama. Alimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetaka lifungwe, katika chumba hichohicho, na kwamba kilichoufanya mji usizike kama mji jirani ni kule kufunga. Sasa wanataka kubomoa ukuta kwa sababu mafuriko hayajawafikia.

"Ni kweli nilitaka lifungwe," alisema Bibi Afya. "Na ningetaka tena. Ila nilisema chakula kije, na wachukuzi hakikuwafikia. Kufunga bila chakula ni dawa nusu, daktari. Wewe unajua dawa nusu inafanya nini."

"Na mtu akiugua huko uwanjani akafa?" Katibu aliuliza.

"Atakufa mtu, mkuu. Tukikaa hivi pia atakufa mtu. Tofauti ni kwamba wa uwanjani nitalaumiwa mimi."

Hakuna aliyecheka. Daktari alitoka nje kidogo, akarudi akiwa amenawa uso. Akasema hakubali, lakini kama litafanyika basi lifanyike vizuri, na akaanza kumwuliza kuhusu maji ya kunawia. Katibu akatia sahihi.

Bibi Afya alipiga mistari ya chokaa mwenyewe, akisaidiwa na Winchi, ambaye alikuja bila kuitwa na kuvuta kamba. Siku ya kwanza watu waliingia kwa woga, kama wageni msibani. Barakoa zilikuwa kidevuni, puani, mfukoni, popote isipokuwa mahali pake. Bibi Afya alikuwa anapita kati ya mistari tangu asubuhi hadi jua kali akiwa amepoteza sauti. Yule muuza samaki mwenye mluzi alimpigia mluzi wake alipomwona, na kwa mara ya kwanza tangu lori lifike kuna mtu alicheka. Dada Mkubwa alikuja na tenga moja la kukopa. Alitafuta mraba wake, akapanga nyanya zake piramidi ndogondogo, akauza. Mdogo wake alipopita alisogeza kiti chake ndani ya mstari kidogo, akatazama pembeni.

Wiki za kwanza zilikwenda salama. Kisha wagonjwa wakaongezeka. Si kama mji jirani, lakini waliongezeka, na wawili kati ya kila watatu walikuwa wa uwanjani. Muuza samaki aliugua siku moja na akafa kabla wiki haijaisha. Bibi Afya alikwenda kuzika akisimama mbali, kama ilivyoagizwa, na mjane alipomwona alimgeuzia mgongo. Alirudi akakaa kwenye chumba chake akijaribu kujua kama angefanya vingine. Alijaribu kwa uaminifu. Kulipokucha akaenda kazini.

Siku chache baadaye Dada Mkubwa alianza kukohoa. Kwanza alikataa. Alisema ni moshi, ni vumbi la uwanja. Bibi Afya alimsikia kupitia ukutani, na alipoingia alimkuta ameketi kitandani akivuta hewa kwa mabega. Walipofika hospitali daktari alimpokea mwenyewe. Hakusema neno lolote la nilikwambia. Aliufungua mtungi.

Bibi Afya hakuruhusiwa kuingia wodini, koti au si koti. Palikuwa na dirisha upande wa nyuma, juu ya mtaro, na alisimama hapo kila alipotoka kazini, buti moja huku na jingine kule. Dada yake alilala kifudifudi, uso umegeukia ukuta. Muuguzi akimwona Bibi Afya alikuwa anatikisa kichwa kumwambia bado, au anainua kidole gumba, na mara nyingine anapita tu haraka. Kitanda cha jirani kilibadilisha watu. Siku moja aliikuta wodi imefagiliwa na kitanda cha dada yake kitupu, akakimbia mpaka mbele akiwa na matope, na huko akamkuta Dada Mkubwa amekalishwa kwenye kiti barazani, amefunikwa shuka, anamlalamikia muuguzi kwamba uji hauna chumvi.

Dada Mkubwa akarudi nyumbani mwepesi kama tenga tupu. Ngazi tatu za kibaraza zilimchukua muda. Alitaka kukaa uani, juani. Bibi Afya alimletea mkeka na mto, akamvua soksi, akaanza kumkata kucha, maana zilikuwa zimekua. Ndipo dada yake alipozungumza, kidogo kidogo, akipumzika katikati.

"Ungeniambia siku ile, ningewaambia wenzangu."

"Najua."

"Wote wanane. Siku hiyohiyo."

"Najua, dada."

Dada Mkubwa alifumba macho. Bibi Afya alidhani amelala.

"Lakini ungeniambia," alisema.

Bibi Afya aliendelea kukata kucha. Alikata za mkono wa kulia, akahamia wa kushoto. Hakuomba msamaha, kwa sababu hakuwa na hakika anaombea nini, na dada yake hakumtaka aombe.

Ugonjwa uliisha kama ulivyokuja, bila kuaga. Soko lilirudi ndani, ila kwanza Bibi Afya alimganda Katibu mpaka ukuta wa mashariki ukabomolewa na kuwekwa nguzo tu, hewa ipite. Mvua ikipiga upande huo wauza nguo wanamlaani. Daktari alihamishwa. Kabla ya kuondoka alipita sokoni kumuaga, akamwonyesha kwenye simu yake mistari miwili ya hesabu ya vifo, mmoja wa mji jirani na mwingine wa kwao, namna huo wa kwao ulivyobaki chini. Bibi Afya aliutazama kwa muda mrefu. Akamwuliza kama mtoto wa Winchi yumo. Daktari akasema hapana, mle wamo wa ugonjwa tu. Waliagana vizuri. Winchi na mkewe walihama, na hakuna anayejua vizuri walikwenda wapi.

Wanawake wa kikundi walianza upya na tenga mojamoja. Watano wanamsalimu Bibi Afya. Watatu hawamsalimu, na yeye huwasalimu.

Dada Mkubwa hanyanyui tena kitu kizito. Akipanda ngazi husimama katikati akijifanya anatazama mtaa. Kwa hiyo lori la nyanya linapoingia alfajiri, Bibi Afya huwa ameshafika, na koti jeupe limekunjwa kwenye mfuko. Hushusha matenga ya dada yake, moja moja, mpaka mezani, huku wachukuzi wakimcheka namna anavyobeba. Dada yake hukaa kwenye kiti akimwelekeza pa kuweka. Akimaliza hunawa, huvaa koti, na kuanza ukaguzi kutokea upande wa samaki.